Kabla hujatandika nyasi bandia uani, yatafutie maji njia

Mzazi mmoja wa Chamazi, wilayani Temeke, amenitumia picha mbili. Ya kwanza ni ua mdogo uliotandikwa nyasi bandia, kijani kinang'aa, mtoto wa kama miaka miwili amekaa katikati na ndoo yake ya kuchezea. Ya pili ni ua uleule baada ya mvua za vuli. Nyasi zimevimba katikati kama godoro lililolowa, na kando ya ukuta kuna maji ya rangi ya chai.

"Dada, fundi alisema hapa ni mchanga mtupu, maji yatazama yenyewe," ameandika. "Sasa panatoa harufu, na mtoto nikimtoa nje jioni anarudi amejaa alama za mbu. Nizing'oe au nisubiri zikauke?"

Nimeamua kumjibu hapa kwa sababu swali hili ni la wengi. Nyasi bandia zimetoka kwenye viwanja vya mpira zikaingia barazani, kwenye shule za chekechea na kwenye nyua za nyumba zetu, kuanzia Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni hadi Mbagala upande wa Temeke. Wazazi wanazipenda kwa sababu zinazoeleweka. Mchanga hauingii ndani, mtoto anayetambaa hachafuki, na hakuna wa kumwagilia wala kufyeka.

Lakini kuna jambo moja ambalo muuzaji hana haraka ya kulisema: nyasi bandia haziondoi maji. Zinayafunika. Kama maji yalikuwa yanasimama uani kabla, yataendelea kusimama, ila sasa utakuwa umelipia ili usiyaone. Masika huanza Machi. Kama umeshaweka akiba ya nyasi, soma hadi mwisho kabla hujampigia fundi.

MCHANGA UNAOTUDANGANYA

Ni kweli mchanga safi hunywa maji haraka. Tatizo ni kwamba kwenye nyumba nyingi, kinachoonekana mchanga ni cha juu tu. Kuna mambo manne hufanya maji yasimame.

Kwanza ni mabaki ya ujenzi. Nyumba inapojengwa, uani ndipo panapochanganywa zege na kushushwa matofali. Saruji iliyomwagika, vipande vya plasta na uzito wa malori huacha tabaka gumu sentimita chache chini. Juu unaona mchanga, chini yake maji yanakutana na sakafu.

Pili ni udongo wa kujazia. Wengi wetu huleta malori ya kifusi au udongo mwekundu kuinua kiwanja. Ukiwa na mfinyanzi mwingi, udongo huo ukishashiba maji unayapitisha kwa shida sana.

Tatu ni ardhi yenyewe. Dar es Salaam si mchanga wa aina moja. Kuna mahali mchanga umechanganyika na mfinyanzi au umekaa juu ya tabaka lake. Kwenye ukanda wa bahari, chini ya mchanga unaweza kukutana na mwamba wa matumbawe. Viwanja viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kabisa.

Nne ni maji ya chini ya ardhi. Mabondeni na karibu na bahari, masika ikikolea maji hayo hupanda hadi karibu na uso. Mchanga uliokwisha kujaa kutokea chini hauna nafasi ya kupokea mengine kutoka juu.

KWA NINI NALIANDIKA KWENYE UKURASA WA FAMILIA

Kwa sababu maji yanayosimama uani yanaishia kwenye daftari la kliniki.

Mbu anahitaji takribani siku saba hadi kumi, kwa joto letu, kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo dimbwi linalokauka ndani ya siku mbili ni usumbufu tu. Linalomaliza wiki ni kiwanda. Anofelesi, anayeeneza malaria, hupenda maji yaliyotulia, hasa madimbwi yenye jua. Edesi, anayeeneza homa ya dengue, hupenda maji ya kwenye vyombo: matairi, visahani vya maua, gata zilizoziba, makopo. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni, yaani saa zile watoto wanacheza nje. Kulekisi hupenda maji machafu, kwenye mashimo ya vyoo na mitaro iliyooza, na ndiye anayetuletea matende na mabusha.

Dar es Salaam imewahi kuona milipuko ya dengue, ukiwamo wa 2014 na ule mkubwa wa 2019, ambapo jiji hili lilibeba sehemu kubwa ya wagonjwa wa nchi nzima. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla dengue haijaondolewa kwenye hesabu, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Jiji hili pia lina historia ndefu ya kupambana na mbu kwa kuondoa maji. Kuanzia 1988 hadi 1996, mradi wa malaria mijini uliosaidiwa na Japani ulifanya kazi Dar es Salaam na Tanga, na usafishaji wa mitaro ulikuwa sehemu yake. Mwaka 2004 ukaanza mpango mwingine wa kudhibiti malaria Dar es Salaam, ambao ulifikia kata 15, wahudumu wa mitaani wakipita kusaka mazalia na kutia viuadudu vya kuua viluwiluwi. Walichokuwa wanatafuta ndicho kinachokaa kando ya ukuta wako.

Kuna na la vyoo. Sote tunajua kuwa mvua ikipiga, wapo wanaotapisha vyoo ili mafuriko yabebe uchafu. Maji hayo yakiingia uani mwako na kunasa chini ya nyasi, mtoto anachezea juu ya kinyesi cha mtaa mzima. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia hapahapa Dar es Salaam, Kinondoni, kisha ukasambaa mikoani. Tena mchanga wenye unyevu na kivuli ndio mazingira wanayopenda minyoo wa safura, ambao huingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu.

PIMA KABLA HUJALIPA

Vipimo vitatu, vyote havina gharama.

Cha kwanza, tumia mvua. Ikikatika, toka nje na simu. Piga picha kila mahali maji yaliposimama, kisha rudia baada ya saa moja, saa tano na kesho yake asubuhi. Chomeka vijiti kwenye kingo za madimbwi. Ukifanya hivyo kwa mvua tatu utakuwa na ramani ya ua wako kuliko fundi yeyote.

Cha pili, chimba shimo lenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60 pale panaposimama maji. Angalia tabaka unazokutana nazo. Ukipiga saruji au mfinyanzi, umeshapata jibu. Jaza maji, yaache yanywewe yote, kisha jaza tena na upime kwa rula. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa, ardhi inanyonya vizuri. Yakishuka chini ya sentimita moja, usiitegemee. Na kama shimo limejaa lenyewe kabla hujatia maji, hayo ni maji ya chini ya ardhi: kuchimba zaidi ni kupoteza pesa. Shimo lisiachwe wazi hata dakika tano. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache.

Cha tatu, muulize jirani mwenye kisima cha kienyeji: mwezi wa Mei maji yanafika wapi? Bibi aliyekaa mtaa huo miaka thelathini anajua mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote.

ANZA NA BATI, SI NA ARDHI

Wengi wakiona dimbwi huchimba shimo. Inua macho kwanza utazame paa.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 12 kwa 10 ina mita za mraba 120. Mvua ya milimita 50, ambayo si ngeni kwetu wakati wa masika, inashusha lita 6,000 kutoka kwenye bati peke yake. Hizo ni ndoo 300 za lita 20. Ua wenye mita za mraba 30 hupokea lita 1,500 tu kutoka mawinguni. Kwa maneno mengine, kama bati lote linamwaga uani, sehemu kubwa ya maji yanayokusumbua hayakunyesha uani. Yalinyesha juu ya nyumba.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye gata. Yaongoze maji kwenye tangi, na yatakufaa kwa kufulia na kudekia siku bomba likikauka. Tangi lifunikwe na tundu la juu liwekwe wavu, la sivyo umemjengea Edesi nyumba. Maji yanayofurika kutoka kwenye tangi nayo yapewe bomba la kuyapeleka mbali na ua.

Baada ya hapo ndipo ufikirie shimo la kufyonza maji. Usilitegemee kupita kiasi. Shimo la mita moja kwa moja, kina mita moja na robo hivi, likijazwa mawe, nafasi inayobaki kati ya mawe ni kama theluthi tu. Hapo hazizidi lita 400 kwa mara moja, yaani ndoo 20. Linasaidia pale tu ambapo kipimo cha shimo kimeonyesha ardhi inanyonya. Liwe angalau mita tano kutoka kwenye msingi wa nyumba, mbali na shimo la choo, na lifunikwe kwa mfuniko mzito ambao mtoto hawezi kuunyanyua. Usiunganishe kamwe maji ya mvua na shimo la maji taka. Masika moja inatosha kulifanya litapike lenyewe.

NDIPO UTANDIKE

Maji yakishapata njia, kazi ya nyasi inakuwa ndogo. Mwambie fundi hivi, na usimamie mwenyewe.

Aondoe tabaka la juu kama sentimita 15, pamoja na mabaki yote ya saruji, mizizi na udongo wa mfinyanzi. Mfinyanzi ukibaki, hata kokoto za gharama zitageuka beseni.

Aweke mteremko kutoka ukutani kwenda nje, sentimita moja kwa kila mita. Ua wa mita tano utakuwa na tofauti ya sentimita tano. Kwa macho huuoni, lakini maji hufuata mkondo. Apime kwa pima maji au kwa mpira wa plastiki unaoonyesha, uliojazwa maji. Asikadirie.

Atandaze kitambaa cha kuchujia juu ya mchanga kabla ya kokoto. Kwenye ardhi yetu hapa ndipo wengi wanapokosea. Bila kitambaa, kokoto huzama taratibu ndani ya mchanga na mchanga hupanda juu yake, na baada ya masika mbili ua una mabonde. Kitambaa hiki kinapitisha maji. Karatasi ya nailoni haipitishi, na fundi akitaka kuitandaza eti izuie majani yasiote, mkatalie. Hiyo ndiyo inayogeuza ua kuwa bwawa.

Juu ya kitambaa ziwekwe kokoto, sentimita kumi hivi, zishindiliwe. Kisha sentimita mbili au tatu za vumbi la kokoto, zisawazishwe. Hapo sasa ndipo nyasi zije. Kabla ya kuzinunua, geuza kipande, tazama mgongoni: lazima kuwe na matundu. Mwagia kikombe cha maji uone kama yanapita.

Kingo za matofali zinahitajika kwa sababu mchanga hukimbia pembeni, ila upande wa chini ziachiwe mianya ya kutolea maji. Ukingo uliozibwa pande zote nne ni karo.

Kama ua umeshamwagwa zege, nyasi zinaweza kukaa juu yake ikiwa tu zege lina mteremko na pa kutokea maji. Jaribu kwa ndoo tano: zimwage, subiri nusu saa. Pakibaki dimbwi, rekebisha zege kwanza.

Kama ardhi yako ni ile inayojaa kutokea chini, ukweli ni kwamba nyasi bandia hazikufai kwa sasa. Inua sehemu ndogo ya kuchezea watoto kwa kokoto, na pengine uache ukoka uote wenyewe. Majani ya kweli hayaogopi kulowa kwa siku mbili.

KWA ZILIZOKWISHA KUTANDIKWA

Sasa nimjibu mama wa Chamazi. Usisubiri zikauke, na usitupe kitu. Nyasi nzuri zinaweza kukunjwa zikatandikwa tena. Kunja kuanzia upande wenye maji, uone kilicho chini. Ukikuta nailoni, itoe. Ukikuta udongo wa mfinyanzi, huo ndio ugonjwa wako. Wakati unapanga kurekebisha, fungua mwanya kwenye ukingo wa chini ili maji yatoke, na ugeuze bomba la bati lisimwage hapo. Maji yaliyobaki kandokando yafagie yaondoke, yasimalize wiki.

Osha nyasi kwa sabuni na maji, zikauke juani kabla hazijarudishwa. Kama unahisi maji ya choo yaliingia, kokoto za chini ziondolewe na mtoto asicheze hapo hadi kazi iishe. Gloves na viatu vya kufunika kwa yeyote anayefanya kazi hiyo.

JUA NALO LISISAHAULIWE

Maji ni nusu ya hadithi. Januari na Februari, nyasi za plastiki kwenye jua la mchana zinaweza kufikia nyuzi joto 60 au zaidi, moto unaotosha kuunguza nyayo za mtoto. Kumwagia maji hupoza kwa muda mfupi tu, kisha joto hurudi. Weka mgongo wa mkono wako juu ya nyasi kwa sekunde tano. Ukishindwa wewe, mtoto hawezi. Chagua upande wenye kivuli cha mwembe au turubai, na saa za kucheza ziwe asubuhi na jioni. Jioni hiyo apakwe dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wake.

NA JIRANI JE?

Ua wako ukikauka kwa sababu maji yote umeyasukuma kwa jirani wa chini, hujatatua kitu. Mbu wake watavuka ukuta jioni hiyohiyo. Kabla ya kuelekeza bomba njiani, kaa na jirani, na ikibidi mpitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mtaro mmoja unaochimbwa na nyumba sita ni nafuu kuliko mashimo sita yasiyofanya kazi. Pakiwa na maji yaliyotuama muda mrefu au jirani anayetapisha choo, ofisa afya wa kata ndiye mtu wa kumwona.

Kwa wapangaji, msichimbe bila mwenye nyumba kuridhia. Lakini kupiga picha za madimbwi, kusafisha gata, na kumwonyesha mwenye nyumba hesabu ya ndoo 300 hakuhitaji kibali. Wengi wao hawajawahi kuipiga.

Kama pesa ipo ya kimoja tu mwaka huu, iwe gata na mteremko, nyasi zingoje. Acha masika ipite juu ya ua wako ukiwa mtupu, uone maji yanakwenda wapi. Yakiondoka yote kabla ya siku ya pili, mwezi wa Juni nenda kanunue nyasi zako kwa amani.